Daftari la Kichwa cha Patricie

Jumapili, 9 Septemba 2012

Daktari Joséphine wa hospitali ya wilaya ameniagiza ninunue daftari niandike kichwa cha Patricie: kimeuma siku gani, kuanzia saa ngapi, ametapika au hakutapika, ameanguka au hakuanguka. "Kwa kifupi, Papa Védaste," akasema. "Sitaki mahubiri." Ananijua. Mimi ndiye ninayesoma matangazo kanisani, na nikishika karatasi siiachi upesi.

Basi kwa kifupi. Patricie ni mke wangu, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe. Tunaishi wawili, Mungu hakutupa mtoto. Leo kichwa kimeanza kabla ya misa, kikatulia saa sita. Ametapika mara moja.

Jumanne, 11 Septemba

Kichwa: asubuhi. Hakutapika.

Ijumaa, 14 Septemba

Lazima niandike kosa langu mahali fulani. Tangu Juni matundu ya vifungo anayoshona Patricie yanahama. Shati la shule, tundu la kwanza mahali pake, la pili limesogea, la tatu liko karibu na mfuko. Nilimgombeza. Nilimwambia mbele ya Nasiba, jirani yetu anayeuza vitambaa mlango wa pili, "Macho unayapeleka wapi?" 

Leo Daktari Joséphine amemwinulia mkono upande wa kulia akamwuliza anaona vidole vingapi. Patricie akasema, "Mkono gani?"

Ukurasa huu sitampa daktari. Nitamnakilia maumivu peke yake.

Jumanne, 18 Septemba

Mvua imeanza. Tumepewa karatasi ya kwenda Kigali.

Alhamisi, 27 Septemba, Kigali

Naandikia kwenye benchi la hospitali kubwa. Nitaandika yote, maana nikifika nyumbani nitaanza kuyapunguza.

Jana walimpitisha kwenye skana ya kichwa. Nyuma, upande wa kushoto, kuna uvimbe wa kadiri ya yai la kuku. Daktari wa upasuaji hakuzunguka. Alisema, "Kuuona tumeuona. Sijui unakunywa damu kiasi gani. Ukiwa unakunywa kidogo, nafungua kichwa nautoa. Ukiwa unakunywa sana, nikigusa tu atakufa mezani kwangu." Ndipo akatupeleka kwa Daktari Muderhwa, wa mashine ya sumaku wanayoiita IRM.

Muderhwa ni Mkongo, Mushi wa Bukavu, mwenye miaka thelathini na kitu. Aliposikia Kiswahili changu akacheka. "Papa, weye ni wa Kadutu!" Nikamwambia nilizaliwa mtaa huo wa Bukavu, nikasoma hapo miaka minane kwa mapadri, nikarudi nchini kwetu mwaka wa tisini na nne. Nilijisikia kama nimekutana na mpwa wangu. Anaandika kitabu cha chuo chake kikuu kuhusu jambo hilo hilo, damu ndani ya uvimbe wa ubongo, na Patricie atakuwa mgonjwa wake wa kumi na moja. Alitueleza polepole: wanachoma dawa mshipani kwa kasi, dawa inapanda na damu kichwani, na mashine inapiga picha sekunde kwa sekunde ikiifuata. Panapokunywa damu nyingi panatoka rangi nyekundu. Panapokunywa kidogo, buluu.

"Kwa hiyo tunaomba buluu," nikasema.

"Tuombe buluu, Papa."

Kukawa na fomu ya Kifaransa, maswali kumi na mawili, ndiyo au hapana. Nilitaka waone mimi ni mtu anayejua kalamu. Nikajaza hapana, hapana, hapana, haraka, bila kumwuliza Patricie. Moyo? Hapana. Ujauzito? Hapana. Swali la saba tu ndilo nililomsomea, kwa kuwa Muderhwa alikuwa ameliwekea kidole: una chuma chochote mwilini, risasi, kipande cha bomu? Chumba kilikuwa na watu wanane wakisubiri. Patricie akajifunga shali yake vizuri shingoni akasema, "Andika hapana." Nikaandika.

Mimi mwenyewe walinikagua mlangoni. Muderhwa akaanza kucheka. "Papa, weye ni muntu ao ni kitambaa? Sindano tatu kwenye kola!" Ni desturi yetu mafundi, tunazichomeka hapo tunasahau. Sote tulicheka, hata Patricie.

Wakamlaza, wakampa mpira mdogo mkononi, abonyeze akiona shida. Kitanda kikaanza kuingia ndani ya tundu. Kabla picha ya kwanza haijatoka, alibonyeza. Hakubonyeza mara moja. Alibonyeza bila kuacha. Walipomtoa alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Muderhwa akamwuliza kuna nini. Akasema, "Naogopa mahali pa kufungwa."

Hakukubali kurudi ndani. Tumepewa siku nyingine: tarehe 8 Novemba. Orodha ni ndefu.

Jumapili, 30 Septemba

Kichwa: alfajiri hadi saa nne. Ametapika mara mbili. Mdogo wangu Gisa amepanda kutoka Muganza, anakofanya kazi ya ulinzi kwenye machimbo. Alikuwa askari zamani. Nilimsimulia safari.

"Mukubwa, bibi yako anaogopa tundu?" akasema kwa sauti ili asikie jikoni. "Mimi nililala siku tatu ndani ya shimo, na maji yananifika hapa."

Kisha, kama kawaida yake akishapata chupa ya pili, "Na mtoto hakukuletea, na mashine hataki. Anataka nini huyu?"

Sikumkemea. Naandika hapa kwamba sikumkemea.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimepata njia. Patricie analala chini ya meza ya kukatia, nafunika pande zote kwa vitambaa, halafu nagonga jerikani tupu kwa ufunguo wa cherehani, ta-ta-ta-ta, ili azoee. Nasiba amekuja mbio kutoka dukani kwake.

"Eh, Papa Védaste! Unamuzika bibi ao unamuoa tena?"

"Tunafanya mazoezi ya mashine ya Kigali."

"Basi unagonga vibaya. Leta." Akachukua sinia langu la vifungo akalipiga kama ngoma ya arusi, akiimba. Chini ya meza Patricie alicheka mpaka akakohoa. Alikaa humo dakika ishirini. Hakuogopa hata kidogo.

Hilo limenisumbua. Nimelala mchana nikiliwaza.

Jumanne, 9 Oktoba

Kichwa: mchana kutwa. Ameanguka kwenye ngazi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mvua bila kupumzika. Nimemwambia neno ambalo nitaliungama: kwamba yeye anaona afadhali afe kuliko asumbuke nusu saa. Aliniangalia kwa upande mmoja, kama anavyoangalia siku hizi, akaenda kuchambua maharage. Maharage yaliyo upande wa kulia wa ungo hayaoni.

Ijumaa, 19 Oktoba

Bwana, nipe nguvu niandike hili.

Nilitoka kupeleka sare shuleni, nikarudi mapema kwa sababu ya mvua. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umerudishwa. Patricie alikuwa amekaa nyuma ya meza, shali ameishusha, na mkononi ameshika sumaku yangu. Ni sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Ninaiburuta sakafuni kila jioni kuokota pini. Alikuwa anaisogeza shingoni upande wa kushoto, juu ya mfupa wa bega, pale penye kovu na kitu kigumu kama punje. Tangu tuoane ananiambia ni jipu la utotoni.

Sumaku haikumgusa. Ilikuwa bado mbali kwa unene wa kidole. Na ngozi yake ikainuka yenyewe kuifuata.

Nilisema, "Yesu." Hakushtuka. Akasema, "Bado kinavuta."

Nilikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Akaanza kusema akiwa ameitazama sumaku, si mimi.

Nilijua kwamba mwaka wa tisini na nne alikimbilia Bukavu kama karibu watu wote wa huku. Aliniambia alirudi Novemba ya tisini na sita, siku zile kambi za wakimbizi zilipovunjika na watu wakamiminika darajani. Si kweli. Hakuvuka daraja. Mume wake wa kwanza alisema wakirudi watakufa, wakaingia msituni na maelfu ya wengine, njia ya Shabunda, na zaidi ya Shabunda. Miezi saba. Kwenye kivuko cha mto mmoja mpana bomu liliangukia watu waliokuwa wanangoja mitumbwi. Nikamwuliza la nani. Akasema, "Bomu halikujitaja. Kulikuwa na wenye bunduki mbele na nyuma." Mumewe akabaki pale. Naye, mwanamke mmoja alimjazia majani kwenye kidonda cha shingo, akafunga kwa utepe wa sketi, wakaendelea kutembea.

Alirudi Julai ya tisini na saba kwenye lori. Ndani ya lori wanawake walifundishana. Wakikuuliza kovu, sema jipu. Kovu la chuma lina maswali yake: ulikuwa na nani, ulimbebea nini, mbona hukurudi na wenzako. Mwenye kuonyesha kidonda alishushwa kando kuulizwa zaidi. Kwa hiyo kule Kigali, mbele ya watu wanane, aliposikia una chuma mwilini, mdomo ulijibu wenyewe. Na ndani ya mashine, kabla hata kelele haijaanza, alisikia kile kitu kinageuka shingoni kama mtu anayeamka.

Mimi Julai ile nilikuwa hapa Kamembe. Nilisimama barabarani na wenzangu tuliotoka Kadutu, tukitazama malori yakipita. Nakumbuka nilichosema. Nilisema, "Aliyekaa msituni muda huo wote si bure." Huenda alikuwa ndani ya lori nililolitazama.

Akaniapisha kwa msalaba wa rozari kwamba sitamwambia mtu. Nimeapa. Nimefanya vibaya.

Jumamosi, 20 Oktoba

Sikushona.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimempigia simu Muderhwa. Nikajifanya nauliza kwa ajili ya mteja wangu: je, mtu mwenye kipande cha chuma shingoni akiingia IRM, inakuwaje?

Akauliza tu, "Upande gani wa shingo?"

"Kushoto. Juu ya bega."

"Papa Védaste. Hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Kikigeuka kidogo kikaukata, muntu anakwisha mbele yetu, na mimi sitajua sababu." Nikasikia pumzi yake. "Mwambie huyo mteja wako kwamba alibonyeza mpira vizuri. Sasa apigwe picha ya kawaida, kitolewe. Lakini lazima aseme mwenyewe. Siwezi kuandika ninachokisikia kwenye simu."

Nimemweleza Patricie. Akasema, "Wakiandika, wataniuliza wapi." Nikamwambia miaka kumi na tano imepita. Akasema, "Kwenu imepita."

Jumatano, 24 Oktoba

Kichwa: mchana kutwa. Leo amelitafuta jina la kijiko akalikosa. Aliniambia, "Nipe ile ya... ya kulia."

Jumapili, 28 Oktoba

Gisa amekuja. Mvua ilimzuia, akanywa, akaanza tena habari za mashine na waoga. Akakunja suruali, akapiga paja lake kama anavyolipiga katika kila baa ya Muganza. "Mimi nina chuma hapa. Toka mwaka wa tisini na saba. Nililia? Wakubwa waliniandikia karatasi yenye muhuri."

Patricie alitoka jikoni akijipapasa ukutani. Akasimama mbele yake, akavua shali.

"Weka mkono," akasema.

"Wapi, shemeji?"

"Weka."

Gisa akaweka vidole viwili. Vidole vya askari vinajua. Nilimwona uso wake unakauka pombe.  Patricie akamwambia tu, "Kwenye mto. Watu walikuwa wanangoja mitumbwi." Gisa akaondoa mkono taratibu, akautazama.

Tulikaa sote watatu tukisikiliza mabati. Sikumwuliza mdogo wangu alikuwa wapi siku zile. Niliogopa kwamba angenijibu.

Mwishowe akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Shemeji, kesho nakupeleka hospitali. Wakiuliza, sema ulikuja kunitembelea kambini ukapigwa pamoja nami. Karatasi ninayo. Hawatakugusa."

Alikuwa anampa kitu kikubwa alichonacho. Najua hivyo. Patricie alijifunga shali yake tena, polepole, maana mkono wa kulia haumtii.

"Karatasi yako ni ya mguu wako," akasema. "Ya shingo yangu nitaisema mwenyewe."

Ijumaa, 2 Novemba. Kuwaombea marehemu wote

Watu waliandika majina kwenye vipande vya karatasi, kapu likajaa, nikasimama kusoma kama kila mwaka. Katikati nikafungua karatasi ya mwandiko ninaoufahamu, mwandiko wa mkono usiotii. Jina la mwanamume, ndilo la mume wake wa kwanza. Chini yake: Izabayo, miaka mitano. Umuhire, miezi tisa.

Nikaacha kusoma. Padri akageuka kunitazama. Nikasoma. Nikasoma na miaka yao, ingawa si desturi.

Nyumbani nilimwuliza kwa nini hakunitajia watoto. Akasema, "Ungeniuliza niliwaacha wapi." Umuhire alikuwa mgongoni siku ya bomu. Izabayo alikufa baadaye, kwa tumbo, karibu na kwisha kwa safari.

Ndugu zangu wamemwita tasa miaka kumi na tatu. Mama yangu alikufa akimwita hivyo. Alizaa wawili, akanyamaza.

Basi ni mimi.

Jumanne, 6 Novemba

Hospitali ya wilaya. Patricie alikuwa amejiandaa siku tatu. Alinifanya nimfanyie mazoezi: mimi daktari, yeye mgonjwa. Alikuwa anajibu maswali ambayo sikuwa nimeyauliza: jina la kamanda hajui, bunduki hakubeba, chakula alipika cha watoto wake.

Tukaingia. Patricie akaonyesha shingo, wakampiga picha; Daktari Joséphine akaitazama kwenye mwanga, akaona kipande cheupe kama punje ya mahindi iliyovunjika. "Kiliingia lini?" Patricie akavuta pumzi akasema, "Machi, mwaka wa tisini na saba. Msituni Kongo. Kwenye kivuko. Mume wangu alikufa hapo, na binti yangu wa miezi tisa, nilikuwa nimembeba."

Daktari aliinua macho. Akasema, "Pole sana, Maman." Kisha akaandika mstari mmoja. Patricie akaendelea kungoja. Daktari akauliza, "Kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Hapana."

"Haya, lala."

Ilikuwa hiyo tu. Miaka kumi na tano ya shali, na ilikuwa hiyo tu. Mtu asidhani Patricie alifurahi. Alipolala juu ya ile meza machozi yalimtoka kwa hasira, sijawahi kumwona na hasira namna ile. "Mstari mmoja?" alikuwa ananiuliza. "Mstari mmoja?"

Kimetolewa. Kilikuwa karibu sana na mshipa, na daktari alifanya kazi muda mrefu. Siku ya Kigali ya tarehe 8 imepotea, lazima kidonda kipone. Muderhwa ametupa nyingine: 22.

Jumanne, 13 Novemba

Kichwa: hakikuacha. Ameanguka mara mbili. Kijiko, mlango, chumvi: maneno hayo hayapo tena.

Jumanne, 20 Novemba

Goma imechukuliwa na waasi. Redio haisemi kingine. Kwenye daraja la kwenda Bukavu watu wanavuka upande wetu na vifurushi, na wengine wanawahi kurudi kwao. Nasiba ana shehena upande ule, anahangaika na simu. Muderhwa alinipigia: mama yake yuko Bukavu na hataki kuondoka nyumbani. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kwa mama yako." Akasema, "Nikienda, mpaka ukifungwa, nani atafungua mashine Alhamisi? Anayeijua picha hii ya damu ni mimi peke yangu." Hakwenda. Naomba mama yake apone, la sivyo na hilo litakuwa juu yetu.

Alhamisi, 22 Novemba, Kigali

Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani ndani ya msitu wa Nyungwe. Basi lilisimama. Gisa, ambaye alikuja nasi bila kuombwa, alimbeba Patricie mgongoni kuvuka tope, hatua labda mia tatu, hadi magari ya upande wa pili. Patricie hapendi kubebwa. Nilimsikia anamwambia, "Usikimbie. Hakuna anayetufukuza." Gisa akapunguza mwendo. Walikuwa wanatembea kwenye mvua ile kama watu wanaotoka misa.

Kwenye fomu nilisoma maswali yote kumi na mawili, moja moja. La saba akajibu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu: "Nilikuwa nacho. Wamekitoa."

Alikaa ndani ya mashine dakika hamsini. Hakubonyeza mpira.

Muderhwa akaniruhusu nisimame nyuma yake penye skrini. Kichwa cha mke wangu kilikuwa cha kijivu kama ramani. Akachoma dawa, picha zikafuatana haraka, halafu akabonyeza hiki na kile, na rangi zikaja. Ubongo wote ulikuwa buluu yenye kijani kidogo, mzuri, kama ziwa letu ukilitazama kutoka Nkanka. Nilitafuta yai. Nilidhani nitalitafuta sana.

Lilikuwa jekundu lote. Na mishipa mipya, myembamba, imetoka kila upande kwenda kulinywesha.

Muderhwa hakugeuka. 

Ijumaa, 23 Novemba, Kigali

Daktari wa upasuaji amesema hafungui. Ametupa vidonge vya kupunguza uvimbe na vya maumivu. Miezi miwili, mitatu.

Nilimngoja Muderhwa kwenye ukumbi hadi amalize wagonjwa. Nikamwuliza jambo moja tu, na nikamwomba asinihurumie. Ile tarehe 27 Septemba, kama picha ingetoka siku ile, ingekuwa na buluu?

 "Wiki nane, Papa. Mwingine anabadilika kwa wiki nane, mwingine alikuwa hivyo tangu mwanzo. Picha ya siku ile haipo. Ningekuambia hapana ili ulale vizuri, lakini sijui. Kweli sijui."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimetamani uongo, na sasa najua ladha ya kuukosa.

Jambo hilo hilo Patricie aliniuliza kwenye basi, kwa maneno machache aliyobakiwa nayo. "Ni mimi? Ile hapana?"

Nikamwambia kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia na mimi nilisimama barabarani yalipopita malori, na nikamwambia nilichosema siku ile. Sikuwahi kukusudia kumwambia. Aliitazama mvua dirishani. Kisha akaweka kichwa chake kizito begani kwangu, upande wa shingo yake wenye plasta, akalala.

Jumapili, 2 Desemba

Kichwa: kidogo, kwa sababu ya vidonge. Gisa hanywi akiwa kwetu. Anakata kuni.

Jumamosi, 8 Desemba

Mvua. Mkono wa kulia umekwisha kabisa.

Jumatano, 12 Desemba

Nasiba anakuja kumwogesha. Leo alisema, "Dada, ile ngoma ya sinia tungeiendeleza tungekuwa matajiri." Patricie alicheka kwa nusu ya uso.

Naangalia nyuma kwenye daftari hili na kuona nilivyomwandika Septemba na Oktoba: mwoga, mvivu wa macho, asiyetaka kujisumbua. Maneno hayo sikuyafuta. Yawe hapo yanitazame.

Jumatano, 19 Desemba

Muderhwa amepiga simu kuuliza hali. Mama yake ni mzima, Bukavu imetulia kidogo. Kisha akasema kuna jambo anataka Maman Patricie alisikie, na nisimpunguzie.

Nikaweka simu sikioni kwake, nikaiweka kwa sauti. Alisema wameiondoa ile fomu ukumbini. Siku hizi kila mgonjwa anaingizwa kwanza chumba kidogo, peke yake, mlango unafungwa. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, anamwambia kwa Kinyarwanda au Kiswahili: mwilini mwako kama kuna chuma, tuonyeshe tu mahali kilipo, hatutakuuliza kilitoka wapi. Hakuna kingine wanachosema.

"Wiki tatu sasa, Maman," Muderhwa akasema. "Zamani ilikuwa mmoja kwa mwaka, na huyo ni askari. Katika wiki hizi tatu wameonyesha watu wanne. Watatu ni wanawake."

Simu ikakatika, au alikata ili asishukuriwe. Patricie hana tena maneno ya kutosha jambo kama hili. Alikuwa amelala chali, mvua inanyesha, na nikadhani hakuelewa. Nikamwambia tena: wanne.

Akatoa mkono wa kushoto nje ya blanketi. Akainua vidole vinne, kidole gumba amekikunja ndani ya kiganja. Akavitazama sana, kana kwamba anawafahamu mmoja mmoja.

Kisha, taratibu, akakitoa na kidole gumba.